Hiyo Lenzi Inachomoka?

Naomba yule aliyeandika orodha ya vitu visivyoruhusiwa uwanjani ajitokeze tuzungumze kiungwana. Silaha, sawa. Chupa za kioo, sawa, tunajijua tunavyokuwa dakika ya 90 refa akikataa goli. Fataki, sawa kabisa. Lakini ukishuka chini kidogo kwenye orodha unakutana na "kamera za kitaalamu", na hapo ndipo mimi na mwandishi wa orodha tunapoachana njia. Kisu nakijua. Fataki naijua. Kamera ya kitaalamu ndiyo ipi? Inabeba cheti? Imesomea wapi?

Kwa wasionijua, mimi ni mtazamaji wa kawaida mwenye kitambi cha kawaida, na nina kamera ya mtumba niliyoinunua Kariakoo baada ya kubishana bei mpaka muuzaji akaanza kuniita mjomba. Lenzi yake ni ya milimita 70 mpaka 300, ile ya bei ya chini ambayo wapiga picha wenyewe wakiiona hutabasamu kwa huruma. Naitumia kupiga harusi za ndugu, ambao hawalipi, na kunguru wa baharini, ambao nao hawalipi. Na mpira. Napenda kwenda nayo kwenye mpira. Mhariri wa safu hii hajawahi kutumia hata picha yangu moja, kwa hiyo tusianze kuzungumza habari za biashara.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta katika uwanja mmoja, jina lake silitaji kwa kuwa nataka kuingia tena msimu ujao. Foleni imefika kwangu. Mlangoni yupo binti wa ulinzi, kizibao cha njano, adabu tele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akafungua begi langu, akatoa kamera kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama usoni.

"Mzee, hiyo lenzi inachomoka?"

"Inachomoka."

"Basi haiingii."

"Na ningesema haichomoki?"

"Ningejaribu kuichomoa."

Huwezi kubishana na mtu wa namna hiyo, amenyooka mno. Nikaomba kumwona mkubwa wake. Mkubwa akaja na redio ya upepo kifuani, akaniuliza mimi ni wa gazeti gani. Nikasema kamera si ya gazeti. Akauliza sasa picha ni za nini. Nikasema ni zangu. "Zako za nini?" Hapo nikaishiwa. Watu wa nyuma walianza kupiga miluzi, mmoja akapaza sauti, "Mpitisheni huyo mzee, mwisho wa siku atapiga nini na hiyo?" Alikuwa ananitetea, lakini iliniuma.

"Irudishe kwenye gari, mzee," mkubwa akashauri. Gari lenyewe lilikuwa daladala, na saa hiyo lilikuwa limeshageuza na abiria wengine.

Hapo ndipo nilipougundua mfumo halisi wa uhifadhi wa mizigo katika soka letu. Hatua chache kutoka getini alikuwepo mama muuza maji, ametandaza biashara yake juu ya meza ya mbao, na chini ya meza palikuwa na hazina. Helmeti mbili za bodaboda. Mwavuli. Mkanda wa suruali wenye bizimu kubwa ya chuma. Chupa ya manukato, yale ya bei. Pawabenki. Kila kitu kimewekewa kipande cha boksi chenye maandishi ya kalamu ya wino mzito. "Lete hapa baba, buku mbili tu, ukitoka unakikuta kizima." Akaifunga kamera yangu kwa kanga, akaitumbukiza kwenye beseni kavu, mbali na barafu, akanipa nusu ya boksi iliyoandikwa KAMERA MZEE, nusu nyingine akaichomeka kwenye kanga. Nusu zile mbili zilipaswa kulingana ndipo upewe mzigo. Nimeweka mizigo kwenye stendi za mabasi na mahoteli, sijaona utaratibu uliokamilika kuliko ule.

Nikaingia mikono mitupu. Na kiti cha mbele yangu alikaa nani? Kijana ana simu kubwa kwenye kijiti, anairusha mechi moja kwa moja mtandaoni. Anatangaza mwenyewe! "Karibuni wadau, leo tupo laivu, gonga moyo hapo." Mamia ya watu wanamtazama, wengine wanamwomba asogeze simu kulia kidogo waone kona vizuri. Nikamgusa bega.

"Mwanangu, hapo getini hawakukukagua?"

"Walinikagua, anko. Walikuwa wanatafuta chupa."

Mimi hoja ya pesa naielewa, msidhani ni mkaidi tu. Mwaka 2021 shirikisho letu la soka lilitia saini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wa matangazo ya ligi, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Aliyetoa fedha kama hizo ana haki ya kulinda mali yake, hata mimi ningelinda kwa mbwa. Lakini alichonunua ni mechi ikiwa inatembea, ikiwa hai, dakika ileile inayochezwa. Kamera yangu mimi haina uwezo wa kutuma picha hata kwa jirani yangu wa ukuta mmoja mpaka nitafute waya, na waya wenyewe mwanangu wa pili ndiye anajua ulipo. Kati ya mimi na yule kijana wa kijiti, mwizi wa bilioni zile ni yupi? Yeye amekaa kitini anasalimia wadau. Mimi chombo changu kiko kwenye beseni kimevishwa kanga.

Basi nikaanza kuulizia wenzetu wanafanyaje. Uingereza ni wakali tangu zamani: kanuni za viwanja vya ligi kuu yao zinaruhusu simu kwa matumizi yako binafsi, lakini ukija na vifaa vya kurekodi na kupigia picha vya namna nyingine, waonyeshe kibali. Ni ukali, lakini umeandikwa. Marekani kuna viwanja vya ule mpira wao wa kukumbatiana vinavyotaja kipimo kabisa: lenzi isizidi inchi 6, yaani kama sentimita 15. Nilifurahi sana kuisoma hiyo mpaka nilipochukua rula. Lenzi yangu ikiwa imekunjwa inapita. Ukiinyoosha kupiga picha, inakamatwa. Maana yake ningeweza kuingia nayo mradi nisiitumie, na bado huo naona ni uungwana mkubwa kuliko wa hapa kwetu. Kwenye besiboli ndiyo kuna watu wa maana. Viwanja kadhaa vya mchezo huo vinakuacha uingie na lenzi yako inayochomoka, ila usije na miguu mitatu ya kusimamishia kamera, usimzibe wa nyuma, wala usiende kuziuza picha. Wanaangalia utakachofanya. Sisi tunaangalia kinachochomoka.

Lakini msije mkadhani kwamba ukishapita getini mambo yamekwisha. Siku moja nilipita nayo vizuri tu, tena Uwanja wa Benjamin Mkapa, ule ambao sisi wazee mpaka leo ulimi unateleza tunauita Taifa ingawa jina lilibadilishwa mwaka 2020. Mechi ya watani, uwanja wa watu 60,000, hakuna kiti kilichobaki kinaonekana rangi yake. Nikakaa Mzunguko, nyuma ya goli. Nikatoa kamera. Nikatazama kwenye kidirisha. Nikajiuliza wachezaji wako wapi.

Uwanja ule, uliofunguliwa mwaka 2007, una njia za kukimbilia za riadha zinazozunguka nyasi zote. Siwalaumu. Nchi iliyomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, haiwezi kujenga uwanja wa taifa ikasahau wakimbiaji. Naheshimu kabisa. Ila kwa mwenye lenzi ya milimita 300 aliyekaa nyuma ya goli, hesabu ni chungu: goli la ng'ambo liko mbali kwa urefu wa uwanja mzima, mita 105, ongeza nusu duara ya riadha, ongeza ngazi za jukwaa. Hapo unakaribia mita 150. Ukivuta lenzi mpaka mwisho wake, mchezaji mrefu anachukua kama moja ya saba ya kimo cha picha. Sita ya saba zilizobaki ni nyasi na mabango ya benki.

Na hiyo ni kipindi cha kwanza, jua likiwepo. Mechi ikianza saa kumi na moja jioni, kipindi cha pili kinaanza saa kumi na mbili imeshagonga, na magharibi ya Dar es Salaam haina subira. Taa zinawashwa. Kwa macho yako unaona mwanga kama mchana. Kamera inakwambia giza. Tukienda taratibu: mpira ukipigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, katika sehemu moja ya elfu ya sekunde unasogea karibu sentimita 3. Hiyo ni sawa, picha inatulia. Lakini lenzi ya bei yangu inapitisha mwanga kidogo, jioni kamera inalazimika kufumbua jicho kwa muda mrefu zaidi. Ikifumbua kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, mpira umeshasogea sentimita 46, na mpira wenyewe una upana wa sentimita 22 tu. Kwa hiyo ninayo hazina ya picha za kitu cheupe kirefu kinachoelea hewani. Ukiamua kuongeza usikivu wa kamera ili upate kasi, picha inajaa chembe kama uji wa ulezi aliokoroga mtu mwenye haraka. Chagua moja.

Wale wenye vizibao wanaokaa chini kando ya mabango hawana shida hizo. Wana lenzi za milimita 400 zenye mdomo mpana, uzito kama kilo 3, bei zaidi ya dola 10,000 kwa lenzi peke yake, kamera bado. Wanazisimamisha juu ya mguu mmoja wa chuma, wananyoosha magoti, na mfungaji hajamaliza kushangilia picha imeshafika chumba cha habari. Hao ndio wataalamu. Ukinisimamisha mimi karibu yao hata mbuzi atajua nani asimamishwe getini.

Shida nyingine ya kamera jukwaani ni majirani. Simu haimshtui mtu, kila mtu anayo. Lakini ukitoa kitu cheusi chenye mdomo mrefu, unageuka mtumishi wa umma.

"Anko, nipige moja hapa na mtoto."

"Braza, subiri nivae skafu. Sasa. Bado. Haya sasa."

"Mzee wangu, nipige nikishangilia goli." Goli bado halijafungwa. Akashangilia goli ambalo halipo, kwa machozi kabisa, mara mbili, kwa sababu ya kwanza aliona hakufumbua mdomo vizuri. Kisha wote wanakwambia utume WhatsApp. Simu yangu sasa hivi ina majina kama Juma Skafu, Shemeji wa Mzunguko na Mama Vuvuzela, na Mama Vuvuzela ananipigia mpaka leo kuuliza picha imefikia wapi. Haikutoka, mama. Uliruka.

Halafu goli la kweli likaja, na mimi nilikuwa tayari. Kona, upande wa karibu yetu, umbali unaofaa, kidole kipo kwenye kitufe. Mpira ukainuliwa. Nikabonyeza, kamera ikarindima tatatata kama inavyotakiwa. Ninazo picha zote za mfululizo ule. Ya kwanza inaonyesha mpira unaondoka kwenye kibendera. Ya pili, mabeki wanaruka. Kuanzia ya tatu mpaka ya mwisho ni mgongo wa jezi ulioandikwa BABA ANETH. Jezi safi, maandishi yamenyooka, kila uzi unahesabika. Ndiyo picha kali kuliko zote nilizowahi kupiga uwanjani.

Nusu saa baadaye mpira ukagonga mkono wa beki ndani ya boksi. Au haukugonga. Refa akapeta. Jukwaa letu lilikuwa la mchanganyiko, na ghafla watu wote, wa kijani kwa wekundu, wakakumbuka kwamba kuna mzee ana kamera.

"Anko, rudisha nyuma tuone!"

Nikaeleza kwamba hii si video, ni picha moja moja. Hawakutaka semina. Kamera ikatoka shingoni kwangu, ikapita mikono sita, wakainamia kile kioo kidogo cha nyuma ambacho ukubwa wake ni kama tiketi mbili za daladala za zamani. Kulikuwa na kitu cheupe kirefu, na karibu yake kitu cheusi kirefu.

"Mkono huo! Si unauona?"

"Mkono gani? Huo ni wa Baba Aneth."

"Baba Aneth yuko upande huu!"

"Kuza! Anko, wapi panakuzwa?"

Wakakuza mpaka ikabaki rangi tupu, nao wakaendelea kutoa hukumu kwa kujiamini kuliko kile chumba cha VAR chenye skrini ukutani. Mmoja akaja na hoja kwamba picha nzuri nimeifuta makusudi kwa sababu ya timu yangu. Timu yangu siitaji hapa, nina majirani. Siku ile pia sikuitaja, na kule kunyamaza ndiko kulikoharibu kabisa, kwa sababu kila upande ulihitimisha kuwa mimi ni wa upande wa pili. Kamera ilirudi ina mafuta ya mihogo kwenye kioo.

Ili nisionekane nalalamika peke yangu duniani, niwape kisa cha Neil Leifer. Alikuwa kijana wa New York, hana pesa ya tiketi na hana kibali cha gazeti, lakini anataka kuingia Yankee Stadium na kamera yake kwenye mechi za ule mpira wa Marekani. Akagundua kwamba askari wa zamani waliolemaa huletwa uwanjani na viti vya magurudumu, na wanahitaji wa kuwasukuma. Akajitolea kusukuma. Akisha kuwafikisha, anabaki pale pale kando ya uwanja. Tarehe 28 Desemba 1958, siku anatimiza miaka 16, alikuwa pale kwenye fainali kati ya Colts na Giants, na alipiga picha ya Alan Ameche akiingia na mpira kumaliza mechi katika muda wa nyongeza. Baadaye, mwaka 1965, ndiye aliyepiga ile picha ya Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston, mkono umekunjwa, anafoka. Sote tunaijua.

Kwenye picha ile, tazama vizuri katikati ya miguu ya Ali. Kuna bwana ameshika kamera upande wa pili wa ulingo. Ni Herbert Scharfman, mpiga picha mwenye jina kubwa wakati ule kumzidi Leifer, mwenye kibali, mwenye kiti cha mbele kabisa. Alichokiona yeye ni mgongo wa Ali. Nikikumbuka habari hiyo, Baba Aneth namsamehe kidogo.

Hapa kwetu viti vya magurudumu vya kusukuma havipo vya kutosha na umri wangu ni wa kusukumwa, kwa hiyo nimebaki na njia ya kuomba. Kwa wanaotaka kujaribu kama mimi, nendeni Azam Complex kule Chamazi. Hakuna njia za riadha, jukwaa limekaribia nyasi, na hata kwa lenzi ya maskini unamsikia kipa akitukana mabeki wake. Piga kipindi cha kwanza, cha pili weka kamera kwenye begi uangalie mpira. Ulizia mlangoni mapema, kabla hujalipa nauli, kwa mtu anayefanya kazi pale, na ukubali kwamba majibu ya Jumatano yanaweza kuwa si ya Jumamosi.

Kwa viongozi wa vilabu na shirikisho, ombi langu ni dogo. Kila wiki mnatoa tangazo la viingilio, limepambwa kwa picha za wachezaji: Mzunguko kiasi hiki, VIP C kiasi hiki, B, A. Chini ya VIP A pana nafasi, nimeipima. Wekeni mstari mmoja wenye urefu wa lenzi kwa sentimita, na mwingine unaosema mzigo uliokataliwa unaachwa wapi na kwa shilingi ngapi. AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, wageni watashuka kwenye ndege kamera zikiwa shingoni, na wote hao mkiwauliza getini kama lenzi inachomoka, foleni itafika Barabara ya Mandela. Kama hamzitaki kamera kabisa, hilo nalo liandikeni, tuje na simu zetu turushe mechi laivu kama wananchi wengine.